Ndege ya Khemais Haitaki Kuinua Pua

Tangu asubuhi ndege ya Khemais ilikuwa imeingia kwenye mitende mara nne, na Naziha alikuwa amezihesabu zote nne, ingawa alijifanya anachambua ufuta tu.

Alikuwa ameketi kwenye godoro la sebuleni, mto mmoja mgongoni na mwingine chini ya nyonga yake mbovu, sinia mapajani. Ufuta wa zrir hautaki haraka. Unauchambua punje kwa punje, unatoa vijiwe, unaukaanga kwa moto mdogo mpaka nyumba nzima inukie, ndipo unausaga na kuuchanganya na lozi, samli na asali. Mwanamke akijifungua, wageni wanaokuja kumpa hongera hupewa zrir katika vigilasi vidogo, na kijiko cha chai. Na anayeitengeneza ni mama aliyemzaa huyo mzazi. Si jirani, si wifi, wala si duka.

Olfa, binti yao wa pekee, alikuwa ajifungue Jumamosi huko Tunis. Daktari alishaandika siku, kwa sababu mtoto amekaa vibaya na itabidi apasuliwe. Na hii ilikuwa Jumatatu.

"Inakwenda," alisema Khemais bila kugeuka. "Mama Olfa, tazama, hii sasa inakwenda."

Naziha alitazama kwa pembe ya jicho. Kwenye kioo cha kompyuta njia ya kurukia ya uwanja wa Tozeur ilikuwa inakimbia kuja kwao, mistari myeupe ikimezwa chini ya pua ya ndege mmoja baada ya mwingine. Humo ndani mwanamke mmoja alikuwa anasema maneno ya Kiingereza, yaleyale kila mara, kwa sauti ya mtu anayegombeza. Mistari ikaisha. Ikaja changarawe, ukaja ukuta, ikaja mitende, kioo kikawa cheusi.

"Tano," alisema Naziha.

"Nani kakwambia uhesabu?"

"Na yule mama wa humo ndani anasemaje?"

"Anasema mambo ya ndege."

"Anakukataza. Nashukuru humo ndani yuko angalau mtu mmoja mwenye akili."

Khemais alivua kofia yake ya udereva, akaifuta jasho kwa ndani, akaivaa tena. Miaka thelathini na moja aliendesha luaji kati ya Tozeur na Tunis, lile gari la abiria wanane lisiloondoka mpaka lijae, na mjini hakuna asiyejua kwamba hakuwahi kumgonga hata kuku. Alipoacha kazi, mkwewe Anis, mume wa Olfa, alimletea kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege, na usukani wake, ili asikae kibarazani akihesabu magari ya wenzake. Tangu hapo, kila siku baada ya sala ya alasiri, Khemais anavaa kofia na kuruka. Mpaka wiki iliyopita alikuwa anarusha kidege kidogo cha pangaboi moja, peke yake, juu ya ziwa la chumvi na kurudi. Hii ya injini mbili za jeti mkiani, ya abiria tisini, aliiweka kwa sababu ya Naziha.

Maana Naziha hajapanda ndege maishani. Miaka yote zimempita juu ya ua wa nyumba yake, na kila ikipita yeye hushika kichwa cha mtu aliye karibu naye, kama vile ndiye itakayemwangukia. Tunis alikuwa akienda kwa luaji ya mumewe, kiti cha mbele, kikapu miguuni. Lakini majira ya kuchipua aliteleza kwenye vigae vya ua vilivyolowa, na daktari akamwambia, kukaa kwenye gari zaidi ya saa mbili, usijaribu. Kwa barabara, Tunis ni saa sita, na ukikutana na malori ya fosfeti ni saba.

Anis akakata tiketi ya ndege, ya Alhamisi. Naziha akasema hapandi.

Jumapili, mezani, kuskusi ikiwa bado inatoa moshi, Olfa alipiga simu na wakamweka hewani wote wamsikie. Hakumwomba mama yake aje, wala hakulia. Alinyamaza tu, kimya kirefu cha mtu anayeangalia tumbo lake. Kimya hicho ndicho kilichomfanya Khemais aseme, "Mimi nitamwonyesha. Ndege ileile, uwanja uleule. Ataona kwamba ni kama kupanda ngazi." Na Naziha, ili maneno yaishe na chakula kisipoe, akasema, "Siku ndege yako itakapopaa kutoka Tozeur mbele ya macho yangu, na mimi nikiwa nimehesabiwa ndani, nitapanda ya kweli."

"Mama, umesema," alisema Olfa.

"Nimesema."

Sasa neno lile lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila ndege ya Khemais ilipoingia kwenye mitende, Naziha alishusha pumzi. Na kila aliposhusha pumzi, macho yake yaliangukia sinia la ufuta, akaona haya.

Jumatatu hiyohiyo alasiri Khemais alimpigia daktari. Si daktari wa nyonga. Huyu ni daktari wa meno wa Annaba, ng'ambo ya mpaka, anaitwa Lakhdar, na anajulikana katika kundi la marubani wa sebuleni kuanzia Muscat hadi Agadir kwa kutibu ndege zilizoshindikana. Hawajawahi kuonana uso kwa uso. Khemais aliegemeza simu kwenye gilasi ya chai na kuiweka kwa sauti kubwa.

"Sema, Sidi Khemais. Nina mtu hapa mdomo wazi, lakini dawa ya ganzi bado haijamshika."

"Haipai, daktari. Inakimbia mpaka mwisho wa njia, inaingia mitendeni."

"Nyinyi Watunisia, nilijua mnajua kupika tu. Haya. Breki ya kuegeshea umeiachia?"

Khemais alitazama. Akakohoa. "Sasa imeachiwa."

Naziha alicheka mpaka ufuta ukaruka. "Miaka thelathini na moja," alisema, "na anaondoka na breki ya mkono."

"Ni nani huyo?" aliuliza daktari.

"Ni abiria," alisema Khemais.

"Mwambie salamu. Na vile vibawa vya nyuma ya mabawa, umeviteremsha? Bila hivyo bawa halishiki hewa. Ndiyo maana yule mwanamke anakugombeza."

Khemais akateremsha. Akasukuma vishikio vya nguvu za injini mpaka mwisho, na yule mwanamke wa ndani kweli akanyamaza, jambo lililomsikitisha Naziha kidogo. Lakini ndege ilijikokota kama punda aliyeshiba.

"Nisomee injini zinaonyesha ngapi," alisema daktari.

"Sabini na nane."

"Na umesukuma mpaka mwisho?"

"Mpaka mkono unauma."

"Basi kompyuta haijui mwisho uko wapi. Vishikio vyako vimeingia vumbi la jangwa. Vivute mpaka huku chini kabisa, uiambie hapa ndipo mwanzo. Visukume mpaka juu, uiambie hapa ndipo mwisho. Ifundishe kama mtoto. Mimi narudi kwa mtu wangu, ameanza kudondosha mate."

Khemais aliifundisha. Ilichukua jioni yote mpaka adhana ya magharibi, kwa brashi ya meno na matone ya spiriti, akipuliza kila upenyo wa kile kisanduku cha vishikio. Naziha alimtazama akifanya na kukumbuka jinsi alivyokuwa akiisafisha luaji yake kila Ijumaa, hata nyuma ya kioo cha pembeni, mahali ambapo hakuna abiria atakayepaona.

Jumanne ndege ilinguruma. Mitetemo ilizifanya gilasi za chai zigongane kwenye sinia, maana Khemais aliweka sauti yote. Mistari myeupe haikuonekana tena mmoja mmoja, ilikuwa uzi mmoja. Naziha aliacha ufuta. Khemais akavuta usukani kifuani, akavuta, akavuta mpaka kiti kikasogea nyuma. Pua ya ndege ikabaki chini, imebana lami kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Wakaingia mitendeni kwa kishindo kikubwa kuliko vyote.

"Angalau leo tumefika mapema," alisema Naziha.

Jumatano asubuhi daktari alishughulika na mkia. Kule nyuma, alisema, kuna bawa dogo linalolala au kusimama kidogo kwa nambari, na nambari hiyo ndiyo inayosaidia kuinua pua. "Weka sita, ndiyo ya mzigo wa kawaida." Khemais akaweka sita. Pua ikanyanyuka kidole kimoja, ikaanguka. Akaweka saba. Vidole viwili, ikaanguka, na yule mwanamke wa ndani akarudi na kuanza kugombeza upya.

"Sielewi," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Injini nzuri, vibawa vizuri, mkia mzuri. Mzigo umepakia vizuri?"

"Daktari," alisema Khemais, akajinyoosha kitini. "Unaongea na mtu aliyepakia watu miaka thelathini na moja."

"Kweli. Nisamehe, mzee wangu. Nilikuwa kama namuuliza fundi kama anajua nyundo."

Wakaliacha hilo. Daktari akaahidi kuulizia kwa mtu wa Muscat, na Khemais akaenda kumwagilia mitende yake, mabega yameshuka.

Naziha alibaki na sinia. Ufuta ulikuwa umechambuliwa, umekaangwa, umesagwa, umechanganywa. Zrir ilikuwa tayari katika mitungi mitatu ya kioo, ya rangi ya mchanga wa asubuhi, na samli imepanda juu kwa wembamba wa ganda la yai. Hapo ndipo Olfa alipopiga simu.

"Baba ameniambia haijapaa."

"Bado, binti yangu."

"Basi mama, usijisumbue. Nisingetaka uje na hofu." Olfa alisema kwa upole, na upole huo ulimchoma Naziha kuliko lawama. "Mama yake Anis atakaa na mimi. Hata zrir amesema ataleta. Kuna duka karibu na kwao, wanaiuza kwenye kopo la plastiki, amesema ni nzuri."

"Kwenye kopo," alisema Naziha.

"Ndiyo, mama."

"Ina lozi?"

"Sijui. Nadhani ina karanga."

Naziha aliagana naye vizuri, akamwombea, akaweka simu chini. Halafu akachukua fimbo yake, akajiinua kwenye godoro kwa hatua tatu kama alivyofundishwa, akaenda kuketi kwenye kiti cha Khemais, mbele ya kompyuta. Alikuwa hajawahi kukikalia. Kilikuwa na joto, na kilinuka tumbaku ya mgeni fulani wa zamani.

Hakujua kugusa kitu chochote pale. Lakini pembeni kulikuwa na daftari la shule, na kusoma alijua. Khemais alikuwa ameandika abiria wake kwa mwandiko wake wa kulala upande, kama alivyokuwa akiandika orodha za luaji ili polisi wa barabarani waone.

*Safu ya kwanza: Naziha, dirishani. Beya wa mkate. Imamu. Mama yake imamu.*

*Safu ya pili: Hajja Mabrouka na dada yake. Mwalimu Tijani (miguu mirefu, apewe upande wa njia).*

Naziha akatabasamu. Mtaa mzima ulikuwa umesafiri na yeye, na mtaa mzima umeshaingia mitendeni mara kumi na moja. Akaendelea kusoma mpaka safu ya kumi na moja, watu arobaini na wawili, kila mmoja na sababu yake. Akafunua ukurasa. *Mizigo: chumba cha mbele, yote.* Akafunua tena. Ukurasa mweupe.

Khemais alirudi na mikono yenye tope, akamkuta amekaa pale.

"Umepotea njia?"

"Baba Olfa, ndege hii ina viti vingapi?"

"Tisini."

"Na watu wako ni arobaini na wawili. Nyuma umemweka nani?"

"Nyuma sijamweka mtu."

"Kwa nini?"

Khemais alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hulala chali. "Nyuma ni mahali pa kutapika. Unajua mwenyewe. Kwenye luaji, anayechelewa ndiye anayekaa nyuma, anarushwarushwa mpaka Gafsa. Nimeambiwa nipakie watu wa heshima, nafasi ipo, nitawarundika nyuma kwa sababu gani? Nimempa kila mtu kiti chake, mbele, kwa raha."

"Na mizigo?"

"Mizigo chini ya jicho langu. Mzigo usiouona si wako. Umesahau lile sanduku la tende lililodondoka nyuma pale Metlaoui?"

Hakuna aliyeweza kulisahau. Sanduku lile lilidondoka miaka thelathini iliyopita na lilikuwa likisimuliwa kila Ramadhani.

Naziha aligonga daftari kwa kidole. "Unakumbuka mkokoteni wa marehemu baba?"

"Ule wa magurudumu mawili? Baba yako nilimheshimu, lakini mkokoteni ule ulikuwa aibu."

"Nyamaza usikie. Wakati wa kuvuna tende, wale vibarua wavivu walikuwa wakipakia yote mbele, kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu na mtende. Mzigo wote unalala kwenye ile miti miwili inayokaa mgongoni mwa nyumbu. Nyumbu anasimama. Unampiga, hasogei, shingo imeshuka mpaka magotini. Baba alikuwa hapigi. Alikuwa akiniita mimi. Nilikuwa na miaka saba. Ananibeba, ananikalisha nyuma kabisa, mwisho wa ubao, miguu inaning'inia, halafu ananiwekea na mikungu mitatu ya tende ubavuni. Basi ile miti inanyanyuka yenyewe, nyumbu anainua kichwa, tunaondoka. Mtoto wa miaka saba, Khemais, na mikungu mitatu."

Khemais alisogea, akaliinamia daftari.

"Magurudumu makubwa ya ndege yako wapi?" aliuliza Naziha.

"Katikati," alisema Khemais polepole. "Nyuma kidogo ya katikati."

"Na sisi sote tuko mbele yake. Imamu na mama yake, na mizigo. Umepakia wote shingoni mwa nyumbu, halafu unavuta hatamu."

Tope lilikuwa likidondoka kutoka mikononi mwake kwenye zulia, na Naziha, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, hakusema neno kuhusu zulia.

"Miaka thelathini na moja," alisema Khemais mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Hiyo ilikuwa luaji. Nenda kanawe, uje unihamishe."

Kuhamisha watu kulichukua muda kuliko kufundisha vishikio. Khemais hakuweza kumpeleka imamu nyuma. Hajja Mabrouka vilevile hakuweza, ana kisukari. Mwalimu Tijani angelalamika. Kalamu ilisimama juu ya kila jina, mpaka Naziha akachoka.

"Anza na mimi," alisema. "Safu ya mwisho kabisa, dirishani. Na mizigo yote nyuma, mitungi yangu pia. Mke wa rubani akikaa nyuma, nani atalalamika?"

Basi Khemais akamfuta kwenye safu ya kwanza na kumwandika kwenye ya ishirini na tatu. Baada yake wengine walikwenda kwa urahisi, hata dada yake Hajja Mabrouka. Imamu peke yake ndiye aliyebaki mbele na mama yake. Halafu Khemais akaingiza hesabu zile kwenye kompyuta, na mchoro mdogo wa ndege uliokuwa na alama nyekundu puani tangu Jumapili, alama ambayo alidhani ni pambo, ukageuka kijani.

Akampigia daktari. Daktari alisikiliza kisa chote, cha nyumbu na cha imamu, kisha kukawa na sauti ya kiti kinachogeuzwa.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu nachokonoa injini. Na niliuliza, wallahi niliuliza, ukaniambia miaka thelathini na moja, nikanywea. Yule abiria wako yuko hapo?"

"Nipo, daktari," alisema Naziha.

"Mama, ukichoka naye, njoo Annaba. Nina kiti cha wagonjwa kinachoegemea upande, nacho kimenishinda."

"Kwanza niende Tunis," alisema Naziha. Akasikia maneno yake mwenyewe yameshatoka.

Khemais alivaa kofia. Breki, akaachia. Vibawa, akateremsha. Mkia, sita. Injini zikanguruma na gilasi zikagongana kwenye sinia. Naziha alisimama nyuma ya kiti, fimbo mkono mmoja. Mistari ikawa uzi. Alitamani kufumba macho, na hakufumba. Khemais alivuta usukani, safari hii bila kukunja uso, kama mtu anayefungua droo, na pua ya ndege ikanyanyuka kwa ulaini. Njia ikazama chini. Ukuta ukapita chini. Mitende ile, iliyowameza mara kumi na moja, ikapita chini yao midogo kama vichipukizi vya mboga, na mbele likafunguka ziwa la chumvi, jeupe, lisilo na mwisho.

Khemais hakupiga kelele. Alitaka kugeuka amtazame mkewe lakini hakuweza, kwa sababu mkono wa Naziha ulikuwa umemshika kichwa kwa nguvu, juu ya kofia.

"Niachie, Mama Olfa. Sioni vipimo."

"Subiri kwanza tufike juu."

Hivyo ndivyo Naziha alivyojiondolea kisingizio chake kwa mkono wake mwenyewe. Jioni hiyo alifunga mitungi mitatu katika shuka, akaikaza kwa kamba, na wakati wote huo alikuwa anamlaumu marehemu baba yake kwa kumkalisha nyuma ya mkokoteni.

Alhamisi, uwanja wa ndege ulikuwa mtulivu, watu thelathini na kitu tu. Khemais alikuja na kofia yake. Kwenye kaunta alimwambia yule binti kwamba huyu ni mke wake, ana nyonga, apewe kiti cha heshima mbele. Mazoea hayana dawa. Naziha alikuwa anaogopa mno, hata akasahau kumkumbusha. Waliagana kwenye mlango wa kioo wa abiria. "Ni kama ngazi," alisema Khemais, na macho yake yalikuwa na maji.

"Wewe umeshapanda lini?" aliuliza Naziha.

Khemais alirekebisha kofia. "Ya kweli? Sijawahi."

Basi akaingia ndani na jambo hilo kichwani. Kiti chake kilikuwa safu ya tatu. Alifunga mkanda, akashika pande mbili za kiti, akaanza kusoma kila alichokuwa amehifadhi tangu madrasa. Mlango ulifungwa. Nyonga ilikuwa haiumi hata kidogo, na hilo nalo lilimtia wasiwasi.

Halafu binti wa ndege, msichana mrembo mwenye skafu shingoni, akaja kusimama mbele yao. "Samahani, wazazi na ndugu zangu. Leo abiria ni wachache na wengi mmekaa mbele. Rubani anaomba watu wanane wahamie nyuma kabla hatujaondoka, ndege ikae sawa."

Watu wakaguna. Mmoja alisema yeye huchafukwa na moyo akikaa nyuma. Mwanamume wa makamo aliyekuwa upande wa pili wa njia, mwenye gazeti na viatu vinavyong'aa, alisema bila kuinua macho, "Mimi nimechagua dirisha hili kwa wakati. Wahamie waliochelewa."

Naziha alisikia maneno hayo na mikono yake ikaachia kiti yenyewe. Katika chombo kile kizima, chenye taa, vifungo na harufu ya mafuta, lilikuwapo jambo moja alilolijua kuliko watu wote waliokaa humo, na yule rubani, ambaye hakumwona hata uso, alilijua pia. Huyo alikuwa mtu anayeuliza abiria wamekaa wapi.

Akafungua mkanda. "Binti yangu," alisema, "nipeleke mimi mwisho kabisa, dirishani."

"Mama, wewe una fimbo, kaa tu."

"Nimeshafanya kazi hii tangu nina miaka saba." Akageuka kwa mwenye gazeti. "Na wewe, mwanangu, una kilo ngapi?"

Gazeti likashuka. "Kilo?"

"Unaonekana mtu mzito, mwenye nafasi yake. Mtu mzito kama wewe akikaa hapa mbele, nyumbu hainui shingo. Baba yangu angekuita wa kwanza. Nipe mkono, njia hii nyembamba na mimi nina nyonga."

Hakuna mtu wa Tozeur atakayemnyima mkono mwanamke wa umri wa mama yake mbele ya watu. Alikunja gazeti. Akamshika kiwiko, wakaenda nyuma polepole, na wengine sita wakafuata bila kuguna tena. Njiani Naziha alimweleza habari za mkokoteni, tangu vibarua wavivu mpaka mikungu mitatu, bila kuruka kitu, naye aliitikia, "Ndiyo, mama. Kumbe, mama." Walipofika mwisho yule bwana akamwachia dirisha.

Ndege ikasogea, ikageuka, ikasimama. Halafu ikanguruma, na hakukuwa na gilasi za kugongana. Kwenye kioo kidogo Naziha aliona uzio ukipita, na mtu mwenye kofia amesimama penye uzio huo, ameshika mikono yote miwili kifuani kana kwamba anavuta kitu. Vuta, alisema Naziha moyoni. Pua ikanyanyuka.

Mitende ikateremka. Ziwa la chumvi likafunguka kama alivyolijua. Na yule bwana wa gazeti, akiwa amejiinamia kidogo, alihisi kiganja kikubwa chenye joto, kinachonukia ufuta na samli, kikimkamata kichwa.

"Samahani, mwanangu," alisema Naziha, macho dirishani. "Ni mazoea."

Yule bwana alikunja tena gazeti lake, nywele zake alizozichana vizuri asubuhi zikiwa chini ya vidole vya Naziha.

"Haidhuru, mama," alisema. "Shika tu mpaka tufike juu."